Spana ya Mafua ya Ndege

Shangazi yangu pale Mabwerebwere alikuwa akifufua kuku kwa mdomo. Sitanii. Kuku akizubaa, anamshika shingo, anamfyonza makamasi puani, anatema, kisha anampulizia pumzi mpaka mabawa yatikisike. Kwa makadirio yangu alishafufua kuku wa kujaza behewa zima.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kila mtu na redio yake, na kila redio na mafua ya ndege. Kwetu hayajafika, walisema, lakini Asia yameua watu. Mimi nilikuwa nimetoka kufaulu baiolojia shule ya jioni, kifua mbele kama mkuu wa stesheni. Kuku wake walipoanza kukoroma, nikaenda kumwokoa.

Baada ya shikamoo nikamweleza kwa lugha ya marehemu mumewe, fundi wa reli. Kirusi cha ndege, nikasema, ni spana. Chembe hai za njia ya hewa zina nati. Spana hiyo imechongwa kwa nati za kuku. Za kooni mwetu ni saizi nyingine, haizing'ati vizuri. Kosa langu, hapo nikatua kuvuta hewa.

"Kumbe hainibani," akasema, akamnyakua tetea mgonjwa.

Nikakimbilia sehemu ya pili: kwamba chini mapafuni tunazo nati zinazofanana na za kuku, na anayevuta pumzi ya kuku mgonjwa anakipeleka kirusi huko huko. Kwamba kinapojinakili hukosea kosea, na siku moja nakala iliyokosewa inaweza kulikamata koo la mtu, kisha mtaa mzima.

Jioni mtaa mzima ulijua sehemu ya kwanza tu. Wanawake watatu walinisimamisha sokoni kunishukuru kwa kuwatoa hofu. Nilitaka kulia.

Nikarudi. "Shangazi, nakuomba. Sina shangazi mwingine."

Akanitazama, akaenda kukata kikonyo cha jani la mpapai, kile chenye tundu, akakichomeka mdomoni mwa tetea.

"Haya, simgusi. Umefurahi, baba?"

Nikamwambia pumzi inarudi kwa tundu hilo hilo. Akasema shule ya jioni imenifanya niogope hata mpapai.

Tetea alikufa. Bwana mifugo alisema ni mdondo, si mafua ya ndege. Shangazi alikohoa wiki mbili, akadai ni moshi wa kuni, nami nikakonda kuliko marehemu tetea. Hadi leo yu hai, bado anapuliza, na kila nikigusia nati anajipiga kifuani: ushahidi ndio huo.