Nilivyotetea Mtandao Huru Huku Nimemfungia Shangazi

Hili jambo nimelificha miezi minane, na ningeendelea kulificha kama nusu ya watu wa parokia yetu wasingekuwepo ukumbini wakinitazama, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjalisikia kwa mtu mwingine akiwa ameshalitia chumvi (ingawa kusema kweli halihitaji chumvi).

Mimi ni mwalimu wa somo la uraia hapa Tabora mjini, na wakati ule nilikuwa pia admini wa grupu la ukoo wetu, watu sitini na kitu waliotapakaa kuanzia Nzega mpaka Sikonge. Mmoja wao ni Shangazi Veronika, dada yake marehemu baba, anayefuga nyuki kule Ipole, na huyu shangazi alipopata simu janja alitumaliza: asubuhi sala, mchana dawa ya kisukari ya majani ya mpera, jioni sauti ya mtu tusiyemjua akituonya tusinywe maji ya chupa. Tukamvumilia. Sasa siku moja akaandika mle ndani, watu wote wanasoma: "Mwalimu Shija, mama yako anasema tangu Pasaka hajakuona, una nini?" Nikaona aibu, aibu ikageuka hasira, nikabonyeza mara mbili, nikamtoa. Nikajisemea ni wiki moja tu, apoe kidogo. Halafu, ndugu zangu, nikasahau.

Ikaja siku ya mdahalo. Kipindi kile kila kijiwe kilikuwa kinabishana, maana kuna mtandao ulikuwa haufunguki nchini na vijana wanaingia kwa njia za panya, basi vijana wa parokia wakaandaa mdahalo Jumapili baada ya misa ya pili: serikali ifunge mitandao au iache wazi? Upande wa kufunga alisimama Bwana Athumani, mwenye duka la madaftari jirani na kanisa, mtu mpole, akasema, "Binti yangu alitengenezewa picha za uongo, zikazunguka shule nzima kwa siku moja. Mnaniambia tuache wazi. Wazi kwa faida ya nani?" Hata mimi iliniingia.

Lakini nilikuwa nimejiandaa (shati jipya na karatasi tatu), nikasimama nikanguruma, "Leo watafunga picha chafu, kesho watafunga swali! Anayemnyima mwenzake habari amemzika akiwa hai!" Makofi, vigelegele, mpaka katekista akapiga meza. Nikalewa sifa. Mwendesha mdahalo alitaka kufunga kikao, mimi nikaona kule nyuma mama mzee kajitanda kitenge, kanyoosha mkono, nikasema kwa ukarimu wangu wote, "Kina mama hawanyimwi nafasi hapa, mpeni kipaza sauti."

"Tumsifu Yesu Kristo," akasema.

"Milele amina," ukumbi ukajibu, ila mimi sikujibu, maana sauti ile naijua tangu nanyonya.

"Mimi sikusoma. Namuuliza tu huyu mwalimu. Kama kumnyima mtu habari ni kumzika hai, mbona mimi ulinitoa kwenye grupu la ukoo?"

Kicheko kikalipuka. Na mimi nikasema, kwenye kipaza sauti, "Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Nijibu."

Hapo ndipo ningeomba msamaha yakaisha. Badala yake nikajitetea. "Shangazi, ulikuwa unasambaza dawa za uongo, ikabidi tuchuje kidogo kwa usalama wa ukoo." Bwana Athumani akainua mikono juu: "Mwenyekiti, mwenzangu amehamia upande wangu!" Watu wakacheka mpaka mabenchi yakagongwa.

Shangazi hakucheka. "Dawa nilituma wakati wa Kwaresima, hukunitoa. Ulinitoa siku niliyokuuliza habari za mama yako. Na Agnesi alipofariki mliandika humo humo. Mimi niliambiwa siku ya nane, na mnunuzi wa asali."

Kicheko kikakatika kama umeme.

Shangazi Agnesi alikuwa binti wa mama yao mdogo, yeye na Veronika walilelewa nyumba moja, walilala mkeka mmoja. Tulimzika Nzega kesho yake, kila mtu akidhani mwenzake amepiga simu Ipole, na tulipoona Veronika hayupo tukasema amesusa msiba. Hata mimi nilisema, tena huku nakula wali wa msiba, "Shangazi ana kiburi siku hizi." Sasa nimesimama pale mbele, nikachomoa simu kama mwendawazimu: "Nakurudisha, shangazi, nakurudisha sasa hivi!"

Akainua kitochi, kisimu kidogo cha vitufe kilichofungwa mpira. "Ile kubwa nilimpa mjukuu. Nilikuwa nayo kwa ajili yenu tu."

Bwana Athumani akaja taratibu akanipokonya kipaza sauti, akaniambia, "Kaa, mwalimu." Hata kura hazikupigwa.

Nje nilimkuta anafunga madumu ya asali aliyokuja kuuza mjini, nikamwambia nitafanya lolote atakalo. "Nipeleke kwa Agnesi," akasema.

Jumamosi tukapanda basi kwenda Nzega. Nikasema kila kitu mbele ya wazee, mama yangu kakaa mkekani ananitazama, na baba mdogo akauliza tu, "Kwa hiyo tulimsengenya bure?" Kisha tukaenda kaburini, shangazi akamsalimia mwenzake kwa Kinyamwezi, muda mrefu, halafu akanigeukia: "Mwambie kwa nini nilichelewa."

Nikadhani ananitania. Hakuwa anatania. Basi nikachuchumaa, mtu mzima na digrii yangu, nikaanza kumweleza marehemu maana ya admini, nikaona hata mimi sijielewi, nikaanza upya: "Shangazi Agnesi, ni mimi niliyemfungia mlango."

Uadmini nimeuacha. Na msiba ukitokea siandiki popote, nampigia kila mtu simu, asipopokea napiga tena, na akipokea nasubiri mpaka nisikie amelia.