Mapacha wa Gongoni

Enzi zetu sisi, likizo ya mwezi wa sita haikuwa ya kulala mpaka jua likuchome mgongo. Ninyi mliokulia Tabora nanyi mnajua. Asubuhi baridi inakung'ata masikio, mchana vumbi linakupasua midomo, na ua mzima umejaa viazi vilivyochemshwa, vimekatwa, vimeanikwa viwe matobolwa. Mtoto unakaa na ungo wa karanga mapajani, unamenya mpaka vidole vinaota sugu. Ukitafuna mbili tatu, mama anakuuliza kutoka jikoni, bila hata kugeuka, "Hizo karanga zinamenywa au zinazikwa?"

Lakini mwaka mmoja, tukiwa darasa la tano, mimi na Debora hatukumenya karanga hata moja. Tulikuwa waimbaji! Tena si wa kusimama mstari wa nyuma wa kwaya tukifungua midomo kama vifaranga. Wawili tu, mbele za watu, na watu wazima wakitusikiliza. Naringa? Naringa, na nina haki.

Debora ni binti wa mama yangu mkubwa. Alinizidi miezi mitatu, lakini tulilelewa nyumba moja pale mtaani kwetu Gongoni, Tabora, tukala sahani moja na kuchapwa kwa fimbo moja. Siku moja tulikuwa tunasugua masufuria kwa majivu huku tukiimba, mimi sauti ya kwanza, yeye ya pili, wala hatukumwona mjomba wetu Elia aliyesimama mlangoni. Mjomba Elia alikuwa mwalimu wa kwaya na mpiga gitaa. "Hebu rudieni hapo," akasema. Tukarudia. Akatusimamisha bila hata kunawa mikono, tukarudia tena na tena mpaka maji ya kuoshea yakapoa. Wiki ile ile akamwomba mama atuachie likizo nzima, tuzunguke naye kwenye mikutano ya injili kando ya reli, kutoka Tabora mpaka Bukene.

Mama akamtazama weee, kisha akasema, "Elia, ukinirudishia watoto wamekonda, hilo gitaa nalitia jikoni nachemshia maharage."

Akatushonea magauni mawili ya kitenge kimoja, kola nyeupe, mikono ya puto. Kimo chetu kilikuwa sawa, na nywele zetu zilinyolewa na mtu mmoja kwa mkasi mmoja. Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Kwenye mkutano wetu wa kwanza, mzee mmoja wa kanisa alitutazama, akatabasamu mpaka magego yakaonekana, akashika kipaza sauti: "Wapendwa, Bwana ametuletea mapacha! Kulwa na Doto!"

Vigelegele vikapasua anga. Watu waliokuwa wanapita na baiskeli zao wakashuka, akina mama wakaacha mabeseni ya nyanya wakaja. Mjomba Elia alifungua mdomo asahihishe, akaona umati unavyoingia, akaufunga. Akatunong'oneza, "Nyamazeni tu, nitaeleza baadaye." Hiyo baadaye, ndugu zangu, haikufika.

Maana kwetu Unyamwezini pacha si mtoto wa hivi hivi. Wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, na ukimpa mmoja lazima umpe na mwenzie, tena kilicho sawa, la sivyo umejitafutia makubwa. Basi tukaanza kupewa kila kitu mara mbili. Kuku wawili, tena wa rangi moja. Vibuyu viwili vya asali. Kwenye kituo kimoja bibi mmoja aliteseka nusu saa akitafuta viazi viwili vinavyolingana. Ugomvi wetu ukawa ni nani Kulwa. Debora akasema, "Mimi, si ndiye mkubwa!" Nikamwambia, "Miezi mitatu! Pacha gani huyo anazaliwa, anamsubiri mwenzie mpaka anaota jino?" Lakini alikuwa na kifua kipana kuliko changu, kwa hiyo mimi nikawa Doto.

Kiangazi kile hatukujua kupumzika. Jumatano tuko kituo hiki, Ijumaa kile, Jumapili ibada mbili na jioni uwanjani. Tulipanda treni daraja la tatu tukikalia magunia, na pasipo na treni tulibebwa kwenye makeria ya baiskeli mpaka miguu ikafa ganzi. Mtoto wa siku hizi umwambie apande keria kutoka hapa hadi hapo, atakuuliza bajaji ziko wapi. Tuliimba habari za mwana mpotevu, Debora akiwa baba, mimi nikiwa mwana, na nilipofika pale mwana anaposema "nimekosa," akina mama walikuwa wanalia kwa kwikwi. Jina letu likatutangulia. Tukishuka tu kwenye behewa, watoto wanakimbia pembeni wanapiga kelele, "Mapacha wa Gongoni! Mapacha wa Gongoni!" Nakiri mbele yenu kwamba nilinogewa. Lakini lile neno "nimekosa" likaanza kunikwama kooni, kwa sababu nililiimba kila siku nikiwa nimevaa uongo.

Tukafika Bukene, mkutano wa mwisho. Makanisa kadhaa yalikusanyika kwenye uwanja wa shule, na watu walikuwa wengi mpaka wengine wamekaa juu ya ukuta. Siku hiyo kulikuwa na ubatizo. Kabla ibada haijaanza, mama mmoja kijana akaja tulipokuwa tumekaa na mjomba. Alikuwa na watoto wachanga wawili, mmoja mgongoni, mmoja kifuani, wadogo kama paka. Miguu yake ilikuwa nyeupe kwa vumbi la njia.

"Shikamoo mwalimu," akamwamkia mjomba.

"Marahaba, mama. Karibu."

"Hawa ni Kulwa na Doto. Nilikuwa na wengine kabla yao, nao mapacha. Niliwazika wote wiki moja." Alisema bila kulia. "Kwetu wanasema mapacha wangu hawatakua, nisijisumbue. Nikasikia wapo mapacha wa Gongoni, wamekua, wanaimba. Nimetembea tangu jana. Naomba wanangu wabebwe na hao kwenda kubatizwa, ili watu wa kwetu waone. Na mimi nione."

Akatunyooshea watoto. Debora alimpokea mmoja kabla hajajua anachofanya. Mimi mikono yangu iligoma. Mama yule akatutazama usoni, mmoja mmoja, kwa furaha ambayo sijawahi kuiona tena, na mimi nikatamani ardhi ipasuke.

Alipokwenda kunawa, nikamwambia mjomba, "Mimi sibebi. Nikibeba namdanganya na Mungu pia."

Mjomba alikuwa amekunja uso. "Ukisema, unamvunja moyo mama wa watu. Na sisi tutatoka hapa tunazomewa."

"Tuzomewe," akasema Debora, machozi yanamtiririka juu ya kitoto kile. "Mjomba, mimi naogopa kuliko huyu Salome, lakini tuzomewe."

Mjomba akashika gitaa lake, akasema, "Kosa ni langu. Twendeni."

Tulipoitwa mbele, mjomba akaanza kueleza, akashindwa. Nikachukua kipaza sauti mimi. Nikasema sisi si mapacha. Mimi ni Salome, huyu ni Debora, mama zetu ni mtu na dada yake, tumewadanganya tangu kituo cha kwanza, tumekula kuku wenu kwa uongo, tusameheni. Yule mama alikuwa amesimama pale pale mbele. Hakukasirika. Aliniuliza kwa sauti ndogo tu, "Kwa hiyo wangu hawatakua?"

Mimi nina hasira za karibu, tangu utoto. Sijui nilimkasirikia nani, nafikiri ni hao majirani zake. Nilipiga kelele mpaka kipaza sauti kikakwaruza: "Kama kuna Kulwa hapa! Kama kuna Doto! Simameni mama awaone!"

Kwanza hakusimama mtu. Kisha bibi mmoja muuza dagaa akajiinua kwa kushika bega la jirani yake. "Mimi Doto," akasema. "Kulwa yuko nyumbani, goti linamsumbua, lakini ulimi wake mzima." Watu wakacheka. Fundi baiskeli akasimama. Akasimama mwalimu mkuu wa ile shule, mtu mkali ambaye wanafunzi wake hawakujua kama ana jina: "Kulwa." Juu ya ukuta wakasimama wanaume wawili wachunga ng'ombe, sura moja, fimbo moja huku moja kule, ambao hata kanisani hawakuwa wanasali, walikuja kusikiliza gitaa tu. Wakasimama huku, wakasimama kule, vijana kwa wazee, wakiita majina yao hayo mawili, mpaka mchungaji wa kanisa aliyekuja kubatiza akaweka kitabu chake mezani, akafuta macho, akasema, "Na mimi ni Doto."

Yule mama aligeuka akiwatazama, anageuka na kugeuka, mkono mdomoni. Ndipo akalia. Bibi wa dagaa akambeba mtoto mmoja, mwalimu mkuu akambeba wa pili, na waliobaki wakaandamana nyuma yao. Halafu mchungaji akatugeukia: "Nyie wadanganyifu, imbeni!" Tukaimba. Nilipofika kwenye "nimekosa" halikunikwama hata kidogo, likatoka zima, na uwanja mzima ukaitikia. Hatukuzomewa na mtu.

Siku hizi wajukuu wa Debora nao wanaimba injili. Wanarekodi chumbani, mashine inamgawa mtu mmoja anakuwa kwaya nzima, na jioni wananionyesha kwenye simu maelfu ya watu waliowasikiliza. Nawapongeza, wanaimba vizuri. Lakini nikiwauliza hao watu ni akina nani, wananishangaa kama nimeuliza jina la mvua. Hapo ndipo ninapowaonea huruma. Sisi watu wetu hawakufika maelfu, ila nilikuwa na miaka kumi na miwili nikawaomba wasimame, na niliwaona kwa macho yangu wakisimama.