Plasta za Digrii

"Yule msomi wenu kapata kazi ya kuwaosha wazee miguu," fundi cherehani alisema, uzi ungali kinywani. "Nimemwona kwa macho yangu haya mawili, kapiga magoti kibarazani kwa watu na blauzi yake nyeupe pe!"

Mama Kibogoyo alitabasamu kwa adabu tu, akamhamishia mwanawe bega la pili. Ukuta kati ya chumba chake na cha kina Digrii, kama mtaa ulivyombatiza msomi huyo, ulikuwa mwembamba, na alishasikia mengi. Shahada moja ya kemia ilikuwa imebisha hodi kila mlango. Hapa walitaka shahada mbili, pale walitaka uzoefu, kwingine walitaka aje na mjomba mwenye cheo. Ndipo likatokea tangazo: Afisa Afya, awe na shahada. Baba yake alitangaza mtaa mzima kabla hajajua kazi yenyewe ni ipi.

Jioni hiyo Digrii aliingia kwa Mama Kibogoyo bila hodi, akautupa mkoba kama anayetupa panya mfu.

"Dada, nipe maji ninawe. Nasikia kinyaa mpaka kwenye kucha."

Alinawa, akanusa viganja, akanawa tena. Kifuani kilining'inia kitambulisho cha kampuni chenye picha yake ya mahafali, kavaa joho.

"Wamekataa picha ya kawaida," alisema. "Eti joho ndilo linalouza."

Akatoa plasta nyeupe. "Unambandika mtu unyayoni, analala nayo. Asubuhi imekuwa nyeusi ti, inanuka. Unamwambia hiyo ndiyo sumu iliyokuwa mwilini. Anashangilia, ananunua boksi zima."

"Kumbe si sumu?"

Digrii aliidondoshea matone ya maji. Plasta ikageuka kahawia, kisha nyeusi, ikavimba kama kidonda kilichooza. Harufu yake kali ikapanda. Kibogoyo akakunja uso, akaficha pua kwenye shingo ya mama yake.

"Ni unga tu, ukilowa unageuka rangi. Jasho linatosha. Leo nimembandika mzee mwenye kidonda cha kisukari, dada. Kaniita daktari! Anasema hospitali haendi tena."

 Mama Kibogoyo aliishika ile plasta kwa ncha za vidole, akaitia kwenye mfuko wa taka, akaufunga mafundo mawili.

"Mdogo wangu, hiyo si kazi, ni uchafu. Iache."

"Nimwambie nini baba? Kila asubuhi ananing'arishia viatu mwenyewe. Na kesho mkuu wangu anakuja hapa uani kunipima. Nikiuza mbele yake, nathibitishwa kazini. Baba keshawaalika majirani wote, na wale wazee wa nyumba za nyuma."

"Sasa wakinunua?"

"Watanunua. Mimi ni mtoto wao, watakataaje?"

Akakivua kitambulisho, akakilaza kifudifudi juu ya kitanda. Mama Kibogoyo alimpapasa mgongo kama anavyompapasa mwanawe ili acheue.

"Dada, nina ombi," Digrii alisema bila kuinua macho. "Kesho nikianza kuzisifia, usinionee huruma. Njoo na kikombe cha maji, uchukue plasta mkononi mwangu, uilowanishe pale pale, wote waone. Mimi mwenyewe nimeshajaribu, mkono haunyanyuki."