Violeth: Mfupa wa punda nautibu, njaa ya mwenye punda ndiyo inayonishinda

Saa moja asubuhi, Violeth Ndaki amepiga magoti kwenye vumbi la uwanja wa nyumba moja nje kidogo ya Bugarama, mguu wa mbele wa punda ukiwa juu ya paja lake. Anaibana kwato kwa koleo refu, taratibu, upande mmoja kisha wa pili. Anapofika katikati, punda anatetemeka mwili mzima na kuuvuta mguu.

"Hapa," anasema.

Anagusa juu ya kwato kwa vidole viwili. Pana joto, na mapigo ya damu yanagonga kwa nguvu. Anachukua kisu kilichopinda, anakwangua unyayo akitafuta usaha. Hakuna.

"Ungekuwepo ningefurahi," anasema. "Jipu ukilipasua, baada ya siku chache mnyama anatembea. Hili si jipu. Mfupa wa ndani ya kwato umepasuka."

Katika ukanda huu wa dhahabu, punda ndio wanaobeba viroba vya mawe kutoka maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, hadi kwenye karasha, mashine za kusaga mawe hayo. Njia ni miamba na mashimo ya zamani ambayo hayakufukiwa. Punda akiteleza na mzigo mgongoni, mguu ndio unaolipa.

Violeth, mwenye umri wa miaka 49, ana cheti cha afya ya mifugo. Wanakijiji humwita daktari, naye huwasahihisha bila mafanikio. Kwa miaka mingi alichanja ng'ombe na kuku tu, mpaka miaka saba iliyopita alipoona wanachofanyiwa punda waliovunjika.

"Wanafukuzwa porini. Fisi wanamalizia," anasema.

Hana mashine ya kupiga picha ya mfupa. Anachotegemea ni kwato yenyewe, ambayo ni ngumu na huushika mfupa usihame. Huizungushia pete ya chuma inayotengenezwa na fundi wa kuchomelea, kisha huifunga hogo, ile plasta ngumu, kama anavyofungwa binadamu aliyevunjika mkono. Baada ya hapo ni kupumzika miezi mitatu, bila mzigo wala safari.

"Kupumzika ndiyo dawa. Hivi vingine vinasaidia tu," anasema.

Ametibu punda kumi na tisa waliovunjika. Sita ndio waliorudi kazini.

Punda anayemkumbuka kuliko wote ni wa Limi Bujiku, mjane mwenye watoto wanne, anayejulikana kijijini kwao kama Mama Fredy. Agosti mwaka jana, punda wake jike alikanyaga katikati ya mawe mawili akiwa na mzigo.

"Shikamoo, daktari. Atapona?" Limi aliuliza.

"Marahaba. Atapona akipumzika miezi mitatu."

"Mitatu?"

"Mitatu, Mama Fredy. Ukimtoa mapema tutampoteza."

"Haya, nimesikia."

Violeth anasema jibu lile lilimtosha, na hapo ndipo alipokosea.

Limi alitii. Alikata majani kila asubuhi, akateka maji, akamwekea punda pumba. Wiki ya tano mnyama alianza kukanyagia mguu ule. Violeth alirudi nyumbani siku hiyo akiimba.

Hakujua kwamba Limi alikuwa akibeba mawe kichwani. Kwa punda alikuwa akipata kama shilingi elfu kumi na tatu kwa siku. Kwa kichwa chake hazikufika elfu nne. Aliuza mbuzi wawili. Mahindi yakaisha. Mtoto wa mwisho akashikwa na malaria. Wiki ya sita, Limi alimfungua punda.

"Nilisema safari mbili tu," anasimulia Limi, macho yakiwa chini. "Nilimbebesha nusu kiroba. Alikuwa anatembea vizuri. Safari ya pili, kwenye mteremko, nikasikia mlio kama kuni kavu inavunjwa."

Violeth alifika kwa bodaboda mchana. Hogo lilikuwa limepasuka na mfupa wa juu ya kwato umetokeza nje. Limi alikuwa amekaa chini kwenye mawe, kichwa cha punda mapajani, amemfunika macho kwa kanga yake.

"Nilikuja na hasira," Violeth anasema. "Nikamwambia, 'Si nilikwambia?' Akanitazama. Akasema, 'Daktari, ulinambia punda ale nini. Sisi hukutuambia.'"

Alimchoma punda sindano ya kumuua bila maumivu. Dawa haikutosha, akamtuma bodaboda kuleta nyingine, na kwa saa nzima wanawake hao wawili walikaa na mnyama akihema, mpaka alipokata roho. Limi hakuondoka. Majirani walipokuja na visu, Violeth ilibidi awaeleze kwamba nyama imeshaingia dawa. Punda akachomwa moto.

Kwa wiki tatu Violeth hakupokea simu ya mtu yeyote. Kisha akauza ng'ombe wake mmoja, akanunua punda na kumpeleka kwa Limi, amtumie bure mpaka atakapopata wake.

"Alikataa. Akaniambia, 'Huyu naye nitamuua.' Nikamfunga kwenye mti wake, nikaondoka. Siku ya tatu akanipigia kuuliza kama anakula majani ya viazi."

Limi alikaa naye miezi minne, akaweza kununua mwanapunda wake mwenyewe, akamrudisha yule wa Violeth. Mwanapunda huyo bado hajakomaa kubeba mzigo. Mpaka leo, mawe Limi anayabeba kichwani.

Siku hizi Violeth hafungui mkoba wake kabla ya kuuliza nyumba ile itakula nini kwa miezi mitatu. Anao punda wawili wa kuazimisha, na wote wako kazini kwa watu. Anataka wafike watano. Tegemeo lake ni ekari mbili za mpunga. Mvua ikikubali, baada ya mavuno atanunua wa tatu.

Kwa sasa kuna familia nne zinazosubiri punda wa kuazima, na punda wao wamevunjika tayari. Anapoulizwa atawafanyia nini, anafunga koleo lake ndani ya kitambaa.

"Naenda kuwafunga punda wao hogo hivyo hivyo," anasema. "Halafu naomba njaa ichelewe kufika."