Sare ya Générose

Générose alikuwa mwanzisha nyimbo wa kwaya yetu ya Wakongomani hapa mjini Saint Paul. Yeye akitoa sauti ya kwanza, wengine ndio wanafuata. Siku za kazi anawaogesha wazee katika nyumba moja ya kutunzia wazee kule Roseville. Mumewe, Munyaneza, alikwenda Texas kufanya kazi kwenye kiwanda cha nyama, akapata huko na mke mwingine. Habari hiyo aliitoa kwa simu, kama mtu anayesema amehama nyumba.

Miezi minane hakuna aliyemwona Générose akilia. Tukasema, "Mama huyu ana imani." Hata mimi nilisema, Mungu anisamehe.

Kazini alikuwa na mwenzake, Yesenia, mwimbaji kutoka Ekwado. Huyo alizoea nyimbo za kuchangamsha harusi za kwao, lakini mwaka huu alitaka kujaribu bachata, muziki ambao watu wanaucheza wameshikana huku mwimbaji akimlilia mpenzi aliyemwacha. Siku moja wakikunja mashuka akamwimbia Générose. Générose hakuelewa hata neno moja. Alikaa juu ya mashuka safi akalia, mpaka msimamizi akaja kuuliza nani amekufa.

"Na wewe tia maneno yako," Yesenia alimwambia kwa Kiingereza chao cha kuungaunga. "Ya lugha yako."

Jumamosi mchana, kwenye sherehe ya ubatizo ya watu wa Yesenia, Générose alisimama kando yake akaimba ubeti mmoja: shati lako bado liko msumarini, nimfulie nani? Mtu akarekodi. Kufika Jumapili, sisi wazee wote wa kanisa tulikuwa tumeiona video.

Kwetu mwanakwaya akiimba wimbo wa dunia, anatubu mbele ya watu au anarudisha sare. Tukamwita. Mama Donatille, kiongozi wa kwaya, akambembeleza.

"Mama, sema tu ulikosa. Dakika moja, halafu tunaimba."

"Nimekosa nini?"

"Umemlilia mwanaume kwa gitaa!"

"Zaburi nazo si zinalia?"

"Zinamlilia Mungu."

"Nami nimemlilia Mungu miezi minane, peke yangu jikoni. Wimbo ule ni kweli tupu, Mama. Nikiukana, hapo ndipo nitakuwa nimekosa."

Ningeweza kusema neno. Nilitazama viatu vyangu.

Jumapili iliyofuata alileta kitenge cha sare, kimefuliwa na kupigwa pasi, akampa Donatille kwa mikono miwili, akaenda kukaa benchi la mwisho. Kwaya ikasimama. Wakatazamana, hakuna aliyezoea kuanza. Maombi, binti wa sauti ya pili, akajaribu, akaanza juu mno, sauti zikapasuka. Wakaacha, wakaanza upya.

Niligeuka. Générose alikuwa amevuta pumzi, kama anataka kuwasaidia. Kisha akaziba mdomo kwa kiganja, akainama, na wimbo ukaenda hivyo hivyo, ukiyumba, mpaka mwisho.