Mtoto Aliyesalimia Gunia

Nilikuwa na mkono mwepesi. Nalisema mapema ili msomaji asinionee huruma nisiyostahili. Kule Ngara, upande wa Tanzania nilikokulia kabla wazazi wangu hawajarudi Rwanda, mtoto alichapwa kwanza akaulizwa baadaye. Nilipopata wangu hapa Gisenyi nikaendeleza kazi pale mama yangu alipoishia. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, nilikuwa nikisema, na ulimwengu wa soko la Mbugangari niliujua vizuri kwa sababu nauza viazi palepale.

Binti yangu alikuwa na miaka minane mashtaka yalipoanza. Hasalimii. Kwetu hilo si jambo dogo. Mtoto akimpita mtu mzima kimya, watu hawasemi mtoto amekosea, wanasema kwao hakuna wazazi. Mwenye duka la mkabala alikuja kuniambia kwamba mwanangu amempita mara tatu kama anayepita jiwe. Mke wa mchungaji aliniambia hayohayo kwa upole, na upole wake uliniuma zaidi. Mama mkwe wangu, mzaliwa wa Masisi, Kongo, aliyekuja kukaa nasi baada ya kufiwa na mumewe, alisema ni maringo tu. Tena, alisema, mtoto huyu huwabania wakubwa macho kana kwamba anawadharau.

Nilimuuliza mtoto. Akasema hakuwaona. Nikamuuliza mwanamume mzima mwenye kitambi anakosaje kuonekana barabarani mchana kweupe. Nikachukua fimbo. Nilimchapa kwa kosa hilo mara nne, na zote nne nazikumbuka.

Akajirekebisha. Akaanza kusalimia kila kilichosimama. Jioni moja tulikuwa tumepanga nje ya depo langu magunia ya viazi yaliyoshuka kutoka Mudende, yale yanayojazwa kupita mdomo mpaka yanafika kimo cha mtu. Mwanangu akatokea shule, akasimama mbele ya gunia la mwisho, akainamisha kichwa na kutoa salamu ya jioni, "Mwiriwe." Wapakizi walicheka mpaka wakakaa chini. Nami nilicheka, nikamwita mchekeshaji. Alipotusikia tunacheka, naye akatabasamu.

Wiki chache baadaye nilitoka kutafuta mkaa. Mvua ilikuwa imenilowesha asubuhi, kwa hiyo nilivaa kitenge cha kuazima. Nikamwona anakuja kutoka shule, nikasimama upande wa pili wa njia kumngoja. Hatukuachana hata hatua kumi. Alipofika usawa wangu alipunguza mwendo, akabana macho, kisha akainama kwa adabu ile niliyomtia kwa fimbo. "Mwiriwe, mubyeyi," akasema. Mubyeyi ni mzazi. Ndivyo tunavyomwita mwanamke yeyote tusiyemfahamu. Akaendelea na safari yake.

Nilikaa kwenye ukingo wa mtaro, mfuko wa mkaa mtupu mkononi. Nilikuwa nimemchapa mtoto kwa sababu haoni, na sasa ameniamkia mimi mama yake kama mpita njia. Siwezi kuieleza aibu ile, ila naweza kusema kwamba tangu siku hiyo sijawahi kuimaliza.

Kesho yake tulikwenda kwa muuguzi wa macho. Alimsimamisha mtoto mbele ya herufi za ukutani, na hata ile kubwa ya juu hakuisoma. Muuguzi akanigeukia. "Mama, ubao ya shule huyu mutoto hajaionaka hata siku moja," akasema. Nilijaribu kukumbuka ni mara ngapi nilimwita mvivu wa kunakili.

Miwani ilipofika, aliivaa, akasimama mlangoni akanitazama kwa muda mrefu. Akaniuliza kama siku zote huwa nimekunja ndita hivyo.

Muuguzi alinipa masharti, na hayakuwa magumu. Miwani ivaliwe tangu kuamka hadi kulala. Tone moja la dawa kila jioni. Kila siku mtoto akae nje, kwenye mwanga wa jua, kwa muda wa saa mbili, acheze. Na kila baada ya miezi sita arudi kupimwa, kwa sababu macho ya namna hii yanaendelea kurefuka mtoto anavyokua, na utando wa ndani unavutika mpaka unaweza kuchanika. Akiona cheche au kivuli, mlete siku hiyohiyo, aliniambia. Mtoto alikuwa nje akiangalia milima. Hilo la mwisho sikumwambia. Nilijiambia sitaki kumtisha.

Mama mkwe aliipokea miwani kama msiba. "Mutoto musichana kuvaa lunettes, batu batasema nini? Batasema tunazalaka bipofu," akaniambia jikoni. "Tena hiyo vitu inakulaka macho. Akizoea, hataona tena bila hiyo." Nilimjibu kwa heshima kwamba muuguzi amesoma. Akasema muuguzi hatakuja kumtafutia mume.

Nilishinda kwa miezi mitatu hivi. Kisha wifi yangu akachumbiwa, na wakwe wakaja nyumbani kwetu na hotuba zao na kreti zao za soda. Binti yangu alipangwa na wasichana wengine wa kupokea wageni. Kabla hawajaingia, mama mkwe aliniangalia mimi, hakumwangalia mtoto. Nikaelewa. Nilimvua miwani mwenyewe nikaitia kwenye mkoba wangu, nikamwambia ni kwa siku moja tu, watu wasije wakafikiri kwetu kuna ugonjwa. Akazunguka na sinia akishika mabega ya viti, na wageni wakamsifu kuwa ana mwendo wa heshima.

Ikawa desturi. Miwani ivuliwe wageni wakija, ivuliwe kanisani, ivuliwe tukipita mjini. Na nyumba ya mwenye depo haikosi wageni. Mwishowe miwani ilihamia kwenye droo ya kabati la vyombo, ikawa ya kwenda nayo shule tu, na hata hiyo siku nyingine ilisahauliwa. Mume wangu ni dereva wa lori, wiki nzima yuko njiani. Aliporudi aliona nyumba ina amani na hakuuliza.

Zile saa mbili za jua nilizifuta mimi mwenyewe, hapo simsingizii mama mkwe. Nilitaka apate nafasi kwenye shule ya bweni kule Nyundo. Nilimfungia ndani na vitabu kila alasiri, pazia limeshushwa ili watoto wa jirani wasimwite. Kucheza nje, kwangu, ilikuwa kazi ya watoto wasio na mama. Alikuwa anasoma kwa kuinamia kitabu mpaka pua inagusa karatasi, nami nikipita mlangoni najisifu kwa bidii yake. Dawa ya matone ilipokwisha sikuharakisha nyingine. Siku ya kupimwa iliangukia msimu wa viazi. Nikasema tutakwenda mwezi ujao, na mwezi ujao nao ulikuwa na kazi zake. Mficha maradhi kifo humuumbua, nimesikia methali hiyo tangu utotoni na sikudhani inanihusu. Maradhi yenyewe niliyaita miwani.

Bweni alilipata. Nilichinja mbuzi.

Alikuwa na miaka kumi na miwili aliporudi nyumbani kwa likizo, mrefu, mkimya kuliko kawaida. Alikuwa akigeuza kichwa kizima kumtazama mtu, nikadhani ni mapozi ya bweni. Asubuhi moja nilimwambia amimine chai. Aliimwaga pembeni ya kikombe, ikatiririka mezani mpaka kwenye kitabu changu cha wateja. Hasira zikanipanda kama zamani. Nilikuwa nimesimama kushoto kwake, nikainua mkono.

Hakukwepa.

Mtoto huyu alikuwa amejifunza kunikwepa tangu anatambaa. Niliponyanyua tu bega, tayari alikuwa ameinama. Sasa mkono wangu ulikuwa hewani, karibu na shavu lake, na yeye anafuta meza kwa utulivu kana kwamba upande ule hapana mtu. Niliushusha polepole. Niliupitisha tena mbele ya jicho lake la kushoto, vidole vimetanuliwa. Akaendelea kufuta.

Muuguzi alimulika jicho, akazima taa, akaandika barua ya rufaa bila kuketi. Siku iliyofuata tulikuwa Kigali. Daktari wa huko alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Alisema utando umeachia wote, na umeachia zamani. Watajaribu kuurudisha, lakini nisitarajie jicho lile kuona. La kulia nalo lilikuwa na sehemu nyembamba, hilo wangeliwahi siku ileile. Nilimuuliza kama ni kwa sababu ya miwani kukaa kwenye droo. Alinijibu kwamba hakuna anayeweza kusema. Yapo macho yanayochanika hata yakitunzwa kama mboni. Alikuwa ananifungulia mlango wa kutokea, na Mungu ananiona, nilitaka sana kuupita.

Kilichoweza kusemwa kilikuwa kingine. Lingeletwa siku za mwanzo, alisema, jicho hili lingeokolewa.

Kisha akavuta kiti karibu na mtoto, akazungumza naye kwa Kinyarwanda, taratibu, kama mimi sipo. Alimuuliza ilianzaje. Mwanangu akasema kwanza ilikuwa kama mwanga unaomulikamulika pembeni, halafu kivuli kikapanda kutoka chini, kila siku kidogo. Daktari akamuuliza kama alimwambia mwalimu yeyote. Hapana. Na mama?

Aligeuza kichwa chote kunitafuta, akanipata, kisha akarudi kwa daktari.

"Wakati huo ilikuwa likizo iliyopita, nilikuwa bado nyumbani, shule haijafunguliwa," akasema. "Nilikuwa nasubiri siku ambayo mama amefurahi, ndiyo nimwambie."

Daktari akamuuliza alisubiri kwa muda gani.

"Likizo yote," akasema.