Juma Letu la Aprili

Marehemu mume wangu alituachia nyumba, watoto wawili, na juma moja. Juma lenyewe ni la pili la mwezi wa nne. Mfanyabiashara mmoja wa hapa Kalemie alijenga nyumba ya mapumziko kando ya ziwa, akaugawa mwaka kwa majuma, akauza kila juma kwa familia moja. Ukishanunua lako, unaingia humo siku saba kila mwaka, unalala, unakula, kisha unawapisha wengine. Mume wangu, mtu wa biro, wa makaratasi ya ofisini, ambaye hakujua kupumzika hata Jumapili, alinunua la Aprili kwa sababu ndilo peke yake lililokuwa limebaki. Hakujiuliza kwa nini limebaki. Mimi nilijiuliza, lakini alikuwa amekwisha kusaini.

Jibu lilikuwa kwenye karatasi yenyewe, mstari wa mwisho chini: kinachoharibika ndani ya juma lako, unakitengeneza wewe. Wenye Agosti waliharibu nini? Kikombe. Sisi wa Aprili ni mvua, na ndio wakati ziwa linapojaa kabisa. Mwaka wa kwanza maji yalifika ngazini tu, tukacheka. Mume wangu aliwasimamisha watoto kwenye mwimo wa mlango, akachora kwa msumari alama ya kimo cha kila mmoja, na tangu hapo akafanya hivyo kila mwaka. Baadaye ziwa lilianza kupanda kuliko tulivyozoea. Lilikula barabara, likala nyumba za watu, na siku zetu saba za mapumziko zikawa siku za kujaza mchanga kwenye magunia na kupiga lipu upya. Nilikuwa narudi darasani kufundisha huku mgongo unaniuma. Yeye alisema mwakani itakuwa afadhali. Nilimpenda sana mume wangu, ila kila aliposema neno hilo nilitamani kumpiga kwa mwiko.

Alipofariki nilikwenda dukani kwa yule mfanyabiashara, nikaweka karatasi mezani, nikamwambia naliacha juma lake na sitaki anirudishie chochote.

"Mama, pole sana na kilio," akasema kwa Kiswahili cha huku kwetu, kile cha 'njo' badala ya 'ndiyo'. "Lakini juma haiachwe hivi. Unatafuta muntu wa kuikamata, anasaini fasi yako. Kama hakuna, siku moja njo itakuwa ya watoto."

Hilo neno la watoto lilinikosesha usingizi. Nilitaka wanangu warithi kitu chochote cha baba yao isipokuwa kazi ile. Niliwauliza walimu wenzangu, nikauliza kanisani. Kila mmoja alitabasamu, akauliza ni juma la mwezi gani, halafu akakumbuka ana haraka.

Ndipo nikapata akili mbaya. Siku ya kuanua matanga, ukoo wa mume huketi kugawa vitu vya marehemu, na mashemeji zangu nawajua: ukikishika kitu kwa nguvu, ndicho wanachokitaka. Walipotaja baiskeli nilinyamaza. Walipotaja redio nilinyamaza. Kisha nikatoa ile karatasi, nikaibana kifuani, nikawaambia wachukue vyote lakini juma letu la ziwani waniachie. Nililia kabisa. Machozi hayakuwa ya uongo, nilikuwa nayo mengi siku zile, ila niliyatumia vibaya.

Mashemeji wakatazama chini. Wanaishi hapa hapa mjini, si wajinga. Aliyeinua mkono ni wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu. Yeye aliolewa Pepa, huko juu kwenye baridi na ng'ombe, na hajawahi kuona ziwa likiingia ndani ya nyumba ya mtu.

"Mimi sitaki baiskeli, sitaki nguo," akasema. "Ile nyumba ndugu yangu alikuwa analala na watoto wake, njo nataka. Siku saba tu kwa mwaka, nikae fasi alikuwa anakaa. Mulamu wangu, unihurumie."

Ningeweza kusema pale pale. Hajui kusoma, lakini mimi ni mwalimu, ningemsomea ule mstari wa mwisho kwa sauti na wote wangesikia. Nikafuta machozi nikampa karatasi, na watu wakanisifu kwa moyo wangu mzuri. Kesho yake dukani alitia kidole gumba kwenye wino, akakibandika mahali pa jina la ndugu yake. Mfanyabiashara hakunitazama usoni. Nilijiambia kwamba wanangu wamepona, na ilikuwa kweli, lakini nyumbani sikuwaambia nimefanyaje.

Aprili ilipofika, wifi yangu alishuka kutoka Pepa juu ya lori la mizigo, siku mbili kwenye matope. Siku ya tatu akanipigia simu. Hakulalamika. Aliomba tu nimwazime sepetu.

Nilimkuta amejifunga kitenge juu ya magoti, anachota maji sebuleni kwa ndoo. Ule mwimo wa mlango alikuwa ameuzungushia plastiki na kuifunga kwa kamba, kwa sababu mawimbi yalikuwa yanarusha maji karibu na alama za chini kabisa, zile za mwaka wa kwanza.

"Hizi njo alikuwa anachora yeye?" akauliza. Nikasema ndiyo. Akagusa plastiki kidogo, kisha tukatoka kwenda kujaza magunia.

Tulifanya kazi hiyo mpaka mikono ikatoka malengelenge. Hapo akasimama kuvuta pumzi.

"Mulamu, sikujua kazi ya huku iko nguvu hivi," akasema. "Miaka yote ile mulikuwa munateseka wawili, na mimi kule juu sikuwatumia hata muntu mumoja wa kuwasaidia. Unisamehe."

Nilitaka nimwambie juu ya ule mstari wa mwisho, kwamba niliujua tangu mwanzo. Alikuwa ananitazama kwa upendo, sepetu mkononi, anangoja nimjibu. Nikamshikia gunia, akaendelea kujaza.